Toyota Yaris ya 2006–2011: Vitz ya Uingereza kwa mgeni anayenunua gari la kwanza

Vitz ya kizazi cha pili, ile yenye spidomita katikati ya dashibodi, Uingereza inaitwa Yaris. Iliingia kwenye soko la huku mwanzoni mwa 2006 na ikauzwa hadi 2011 ilipokuja ya kizazi cha tatu. Nyingi za Yaris hizi hazikutoka Japani. Ziliundwa kwenye kiwanda cha Toyota kilicho karibu na Valenciennes, Ufaransa, ndiyo maana namba zake za chesisi huanza na herufi VNK. Usukani uko kulia kama nyumbani, umbo ni lile lile, na mtu aliyezoea Vitz za Dar es Salaam au Nairobi akiiona kwenye tangazo la pauni 2,000 hujiona amekutana na ndugu.

Undugu upo, lakini si pacha. Wanaoungua ni wale wanaoinunua kwa macho ya nyumbani. Vumbi na mashimo vimewafundisha kuangalia shokapu na rejeta, ilhali adui wa gari huku ni chumvi. Wamezoea otomatiki ya CVT (ile isiyo na ngazi za gia), na huku kitu kinachouzwa kama otomatiki ni kingine kabisa. Wakiona 90,000 kwenye dashibodi wanasoma kilomita, kumbe ni maili, yaani karibu kilomita 145,000.

Hukumu kwanza, maelezo baadaye: chukua ya petroli, 1.0 au 1.33, gia za mkono, milango mitano, yenye historia ya MOT, yaani ukaguzi wa kila mwaka, isiyo na mapengo. Ya dizeli iache. Yenye giaboksi ya MMT, ile inayouzwa kama otomatiki, iache hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Ukifuata hayo, hili ni mojawapo ya magari bora ya kuanzia maisha, na zile nzuri za miaka hii huonekana sana kati ya pauni 1,500 na 3,500.

Injini ipi

Ya 1.0 ina silinda tatu, 1KR-FE, ile ile iliyomo kwenye Toyota Aygo, Peugeot 107 na Citroën C1 za wakati huo. Faida yake ni kwamba spea zimejaa kila duka na kila skrepa. Inatetema kidogo ikiwa imesimama, hilo si ugonjwa. Mjini inatosha, kwenye barabara kuu, ikiwa na watu wanne na mizigo, utashusha gia kila kilima. Ya 1.3 ya mwanzo ni 2SZ-FE, nayo ikapokewa mwaka 2009 hivi na 1.33, yaani 1NR-FE, yenye nguvu karibu farasi 100, gia sita, na mfumo wa kuzima injini gari linaposimama kwenye taa. Anayesafiri kila wiki kutoka Leicester kwenda London atafute hii ya mwisho.

Injini zote hizo tatu za petroli zina cheni ya taimingi, si mkanda. Muuzaji akikwambia kwa majivuno kwamba mkanda wa taimingi umebadilishwa mwaka jana, umeshajua kwamba halijui gari lake, au hajawahi kuona risiti anayoizungumzia. Cheni haina tarehe ya kubadilishwa, lakini inaishi kwa oili. Gari lililokaa miaka miwili bila kumwagwa oili litakuambia lenyewe asubuhi: ukiliwasha likiwa baridi utasikia mlio wa kukwaruza upande wa injini wenye mikanda ya nje. Ukiisha ndani ya sekunde moja, endelea. Ukiendelea sekunde kadhaa, shukuru, ondoka.

Ya 1.0 ina udhaifu wa aina mbili unaojulikana. Klachi huisha mapema kuliko ungetarajia kwa Toyota, hasa gari likiwa limefundishia wanafunzi au limeishi kwenye foleni. Jaribio ni rahisi: ukiwa gia ya nne kwenye maili 30 kwa saa, kanyaga mafuta mpaka mwisho. Mzunguko wa injini ukipanda huku gari halikazi mwendo, klachi inateleza. Pedali inayoshika juu kabisa ni dalili ya aina hiyo hiyo. Kubadilisha klachi kwenye gereji ndogo ya mtaani tenga pauni 350 hadi 550, na uipunguze kwenye bei kabla ya kulipa, si baada.

Udhaifu wa pili ni pampu ya maji, na huu 1.33 inao pia. Kulanti ya Toyota ni ya rangi ya waridi. Pampu ikianza kuvuja huacha ukoko wa waridi uliokauka kwenye mwili wa pampu na kwenye mkanda wa nje. Mulika tochi upande huo kabla injini haijawashwa. Angalia pia tangi dogo la kulanti: likiwa chini ya alama ya LOW kwenye gari ambalo "halina tatizo lolote", tatizo lipo, ila halijatajwa.

Kwenye 1.33 ongeza mambo mawili. Baadhi hula oili, kwa hiyo chomoa kijiti uangalie kiwango mwenyewe. Na betri ya gari lenye mfumo wa kuzima injini kwenye taa si ya kawaida. Likiwekewa ya bei rahisi isiyo ya mfumo huo, haitadumu. Muulize muuzaji betri ina umri gani.

Dizeli ya 1.4 D-4D ni injini ngumu na hunywa mafuta kidogo. Miaka kumi na tano iliyopita ningekuambia uichukue. Tatizo lake leo ni sheria. London inadai dizeli iwe ya kiwango cha moshi cha Euro 6, na hakuna Yaris ya dizeli ya miaka hii inayofika hapo. Ada ya ULEZ, ile ya gari lisilofikia kiwango cha moshi, ni pauni 12.50 kwa siku, na tangu tarehe 29 Agosti 2023 inahusu mitaa yote ya London, sio katikati tu. Anayefanya kazi siku tano atalipa zaidi ya pauni 60 kwa wiki kwa gari la pauni 1,200. Birmingham nayo inatoza, na Glasgow hailipishi ada bali hupiga faini moja kwa moja kwa gari lisilofikia kiwango linapoingia eneo la katikati ya mji. Petroli inahitaji Euro 4 tu, na Yaris za petroli za 2006 kuendelea zinapita. Hata hivyo ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya Transport for London kabla ya kununua. Ni bure, na ni kazi ya nusu dakika.

Kuhusu kodi ya barabara: kwa magari yaliyosajiliwa kati ya Machi 2001 na Machi 2017, kodi hufuata gramu za kaboni kwa kilomita. Gramu 111 hadi 120 ni kundi C, ambalo kwa viwango vya Aprili 2025 lilikuwa pauni 35 kwa mwaka. Ukivuka kwenda 121 unaingia kundi D, ambalo kwa viwango hivyo lilikuwa pauni 165. Yaris mbili zinazofanana kwa rangi na mwaka zinaweza kuwa pande mbili za mstari huo, kwa kuwa injini ziliboreshwa kadiri miaka ilivyokwenda. Gramu zimeandikwa kwenye kitabu cha usajili.

MMT si otomatiki unayoijua

Hapa ndipo pesa nyingi za wageni zinapozama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Vitz nyingi zilizofika Afrika Mashariki kutoka Japani zina CVT au otomatiki ya kawaida. Yaris ya Uingereza ya miaka hii isiyo na pedali ya klachi ina kitu kinachoitwa Multi-Mode, kifupi MMT. Ndani yake ni giaboksi ya gia za mkono na klachi ya kawaida, ila klachi inakanyagwa na mota ya umeme badala ya mguu wako. Ukitazama kishikio cha gia utaitambua mara moja: haina P, na mahali ulipozoea kuona D utakuta E na M.

Ikiwa nzima, inaendesheka, ingawa husita kila inapobadilisha gia kana kwamba dereva yuko mafunzoni. Ikiharibika, huwa ni mota ya klachi au klachi yenyewe. Dalili zake: taa ya gia kuwaka kwenye dashibodi, gari kukataa kuingia gia, kurudi neutro lenyewe kwenye mzunguko wa barabara, au kukataa kuwaka asubuhi. Klachi mpya peke yake haitoshi, kwa sababu baada ya kufungwa lazima mfumo ufundishwe upya kwa mashine ya uchunguzi, na gereji nyingi ndogo hazina mashine hiyo wala hamu ya kazi hiyo. Ndiyo maana matangazo mengi ya Yaris otomatiki yanasema "inahitaji kazi kidogo". Kazi hiyo kidogo inaweza kufikia thamani ya gari.

Kuna wanaolazimika kutafuta otomatiki, kwa kuwa aliyefaulu mtihani wa udereva kwa gari la otomatiki hapa haruhusiwi kuendesha la gia za mkono. Mtu huyo aruke miaka hii. Yaris ya mwishoni mwa 2011 kuendelea ilipata CVT halisi kwenye 1.33, inaitwa Multidrive S, na kuanzia 2012 kuna ya haibridi. Wakimtajia Honda Jazz, awe makini vile vile: zile za 2008 hadi 2010 zina i-SHIFT, ambayo ni ukoo mmoja na MMT. CVT ilirudi kwenye Jazz mwaka 2011.

Historia ya MOT ni fundi wako wa kwanza

MOT ni ukaguzi wa kila mwaka kwa gari lililofikisha miaka mitatu. Matokeo yake yote tangu 2005 yako wazi kwenye tovuti ya serikali, GOV.UK. Unaandika namba ya gari tu, iliyoko kwenye picha ya tangazo. Nyumbani tunamtegemea dalali na sikio la fundi. Huku, bila kutoka kitandani, unasoma kila lililoonwa chini ya gari hilo kwa zaidi ya miaka kumi. Muuzaji anayeficha namba kwenye picha na asiyetaka kuitoa ukimwomba, mwache.

Soma mambo haya. Maili za kila mwaka: zipande kwa mfululizo. Zikipanda hadi 98,000, kisha mwaka unaofuata zikawa 61,000, saa imerudishwa, au mkaguzi alikosea kuandika tarakimu. Mwaka unaofuata utakuambia ni lipi. Pengo la miaka miwili bila MOT lina maana gari lilikuwa limelala, na breki, tairi na mirija ya mpira havipendi kulala.

Kisha soma yale ya ushauri, yanayoandikwa "advisory". Haya hayaliangushi gari, lakini ndiyo orodha ya matumizi yako yajayo. Kwenye Yaris hii utakutana sana na kutu ya juu juu kwenye boriti ya ekseli ya nyuma, springi za mbele zilizoshika kutu au kukatika, bushi za mkono wa chini na vifimbo vinavyounganisha shokapu na baa ya kuzuia kulala kwenye kona. Kutu ya juu juu ya boriti ikitajwa mwaka mmoja si neno. Ikitajwa miaka minne mfululizo, kwanza "kidogo", kisha "imezidi", jua inaelekea wapi. Neno la kuogopa ni kutu kwenye sehemu za kubeba uzito wa gari: sili (kingo za chini ya milango), mahali pa kushikia mkanda wa kiti, au viungo vya ekseli. Hiyo ni kazi ya kuchomelea, na kwenye gari la bei hii mara nyingi hailipi.

Tangu Mei 2018 kasoro zimepangwa kwa ngazi: hatari, kubwa, ndogo, na ushauri. Gari lililoanguka kwa kasoro kubwa asubuhi na kupita mchana limetengenezwa, hakuna ubaya. Ninachokiogopa zaidi ni gari lenye MOT safi kabisa iliyofanywa juzi, wakati mwaka jana lilikuwa na ushauri wa mambo saba na hakuna risiti hata moja ya matengenezo.

Kulitazama

Nenda mchana, mvua ikiwa haijanyesha, nyumbani kwa muuzaji kwenye anwani iliyo kwenye kitabu. Mwambie mapema asiliwashe. Ukifika weka kiganja juu ya boneti: ikiwa moto, ameshalipasha ili usisikie mlio wa asubuhi. Ukipiga simu sema tu "napiga kuhusu gari". Akijibu "lipi?", huyo ni mfanyabiashara anayejifanya mtu binafsi ili aukwepe mzigo wa sheria.

Chuchumaa na tochi nyuma ya magurudumu ya nyuma. Boriti yenye rangi ya kahawia ni kawaida. Yenye magamba yanayobanduka ukiyagusa kwa bisibisi si kawaida. Tazama ekzosi yote mpaka mwisho. Fungua buti, inua zulia, shika kwa mkono pale tairi la akiba linapolala. Maji au harufu ya ukungu ina maana kuna mpira wa mlango au wa taa unaopitisha, na umeme wa nyuma utaanza kuleta vituko.

Tairi ziwe na angalau milimita 1.6, hiyo ndiyo sheria, lakini chini ya milimita 3 anza kuhesabu tairi mpya. Chomeka sarafu ya peni 20 kwenye mfereji wa tairi: ukiona ukingo wake wa nje wote, tairi limekaribia kuisha. Saizi ni 175/65 R14 kwenye nyingi na 185/60 R15 kwenye zile za juu. Tairi nne za majina manne tofauti ni tabia ya mwenye gari, haisemi chochote kizuri. Tairi lililoliwa upande mmoja tu linasema mpangilio wa magurudumu umeharibika, na huenda limegonga ukingo wa barabara kwa nguvu.

Ukiwasha ufunguo bila kuwasha injini, taa zote za dashibodi ziwake, kisha zizime injini ikiwaka. Taa ya eabegi isiyowaka kabisa imechomolewa. Kwenye eabegi usilegeze, kwa sababu Yaris za miaka hii zilihusika kwenye urejeshaji mkubwa wa eabegi mbovu za kampuni ya Takata. GOV.UK ina ukurasa wa kuangalia kama gari lako lina kazi ya urejeshaji iliyobaki, na Toyota hufanya kazi hiyo bila malipo. Mashine ndogo ya kusoma hitilafu inayounganishwa na simu ni ya bei ndogo, ichomeke. Ikikuambia kumbukumbu zimefutwa leo asubuhi, uliza kwa nini.

Barabarani sikiliza kwenye matuta. Kugonga kwa kasi ya chini mbele ni vile vifimbo, rahisi na vya bei nafuu. Kugonga unapozungusha usukani gari likiwa limesimama ni kazi kubwa zaidi. Usukani ni wa umeme; taa ya EPS ikiwaka, acha. Bonyeza kitufe cha eya kondishena hata kama ni Januari. Baadhi ya zile za daraja la chini, T2, hazina kabisa, na wenye nayo mara nyingi kondensa iliyo mbele imetobolewa na mawe na chumvi.

Kumbuka kwamba hata jaribio hilo linahitaji bima. Kwa mfanyabiashara huwa gari linafunikwa na bima yake, muulize. Kwa mtu binafsi, huna bima mpaka uinunue. Zipo za siku moja.

Karatasi na pesa

Kitabu cha usajili kinaitwa V5C. Kinamtaja mtunzaji aliyesajiliwa, na chenyewe kimeandika kwamba si uthibitisho wa umiliki. Kwa hiyo kitabu pekee hakitoshi, unataka na risiti iliyotiwa saini. Linganisha namba ya chesisi ya kitabuni na ile ya bamba kwenye nguzo ya mlango. Bila kitabu, usinunue, hata hadithi iwe tamu namna gani. Mkikubaliana, muuzaji anaiarifu DVLA, mamlaka ya usajili wa magari, mtandaoni akiwa mbele yako, wewe unabaki na kipande cha kijani, V5C/2, na kwa namba ya tarakimu 12 iliyoko hapo unalipa kodi ya barabara papo hapo. Kodi ya mwenye gari wa awali haihamii kwako. Hilo lilikwisha Oktoba 2014. Gari lisiondoke bila kodi yako na bima yako.

Uchunguzi wa deni na ajali unalipiwa pauni kumi na kitu, ulipe. Unaangalia kama gari limewekwa rehani kwa mkopo, limeibwa, au limewahi kufutwa na bima. Kuanzia Oktoba 2017 makundi ni A, B, S na N. S ni lililoumia umbo lake la ndani, N ni lisiloumia huko. Yaris ya kundi N iliyotengenezwa vizuri inaweza kuwa bei nzuri, ila baadhi ya kampuni za bima hazitaitaka na utakapoiuza itashuka tena. S kwa mgeni, hapana.

Ukinunua kwa mfanyabiashara, Sheria ya Haki za Watumiaji ya 2015 inakupa siku 30 za kulirudisha gari lenye kasoro iliyokuwapo wakati wa kununua na ukarudishiwa pesa zako zote. Tangazo lake la "linauzwa kama lilivyo" haliondoi haki hiyo. Kwa mtu binafsi kinga yako ni ndogo: gari liwe kama lilivyoelezwa, na awe na haki ya kuliuza. Hii ndiyo sababu gari lile lile hugharimu pauni mia kadhaa zaidi kwenye yadi, na kwa asiye na fundi wa kwenda naye tofauti hiyo inafaa kulipwa.

Bima na leseni kabla ya gari

Mpangilio wa wengi ni gari, kisha bima. Ugeuze. Si ajabu mgeni akatajiwa bima ya mwaka inayolingana na bei ya Yaris yenyewe au kuizidi. Miaka uliyoendesha Mombasa au Kigali bila ajali kwa kawaida haihesabiwi na kampuni za huku kama punguzo. Ingiza namba ya gari unalolitaka kwenye tovuti za kulinganisha bima kabla hujapiga simu kwa muuzaji, na uchague kwa usahihi aina ya leseni, ya kigeni nje ya Ulaya. Ya 1.0 huwa nafuu kuliko 1.33. Kisanduku kinachofuatilia uendeshaji hushusha bei kwa mwaka wa kwanza.

Usikubali ushauri wa kumwandika shemeji mwenye miaka yake ishirini hapa kuwa dereva mkuu huku gari likiwa lako. Huo ni udanganyifu, na siku ya ajali kampuni italikataa dai. Kukamatwa bila bima ni pauni 300 na pointi sita, na gari hubebwa hapo hapo. Aliyefaulu mtihani wa hapa akifikisha pointi sita ndani ya miaka miwili ya kwanza hunyang'anywa leseni.

Leseni ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo inakuruhusu kuendesha kwa miezi 12 tangu ulipoanza kuishi Uingereza. Haibadilishwi kwa ya hapa. Baada ya hapo unahitaji leseni ya muda, mtihani wa nadharia na mtihani wa barabarani, na foleni ya mtihani wa barabarani ni ndefu kwenye miji mingi. Omba leseni ya muda miezi ya mwanzo, si mwezi wa kumi na moja. Ukifika mwezi wa kumi na tatu bila kufaulu, bima uliyolipia kwa leseni ya kigeni haikusaidii tena.

Wiki ya kwanza, na baadaye

Usiamini kijitabu cha matengenezo. Mwaga oili, weka mpya ya 5W-30 au 0W-20 na filta. Injini ya 1.0 inachukua lita 3 na kidogo tu, kwa hiyo galoni ya lita 4 inatosha na inabaki ya kuongezea. Badilisha filta ya hewa na ya kabini, maji ya breki kama hakuna risiti ya miaka miwili iliyopita. Ukiagiza spea toa namba ya chesisi, usiseme tu "Yaris ya 2008", kwani ile iliyoundwa Ufaransa na iliyotoka Japani haziingiliani kila kitu. Kuanzia Novemba barabara hunyunyiziwa chumvi. Osha chini ya gari kwa maji ya shinikizo kila baada ya wiki chache mpaka Machi, na kiangazi mpe fundi apake nta ya kuzuia kutu kwenye ile boriti ya nyuma.

Wapo wanaoinunua wakiwa na wazo la kuitumia miaka miwili kisha kuipakia kwenye kontena. Kenya haipokei gari lililopita miaka 8, kwa hiyo Yaris yoyote ya kizazi hiki imeshakosa nafasi hiyo. Tanzania hupokea, lakini huongeza ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine, na gari lenye zaidi ya miaka kumi ya chumvi tumboni litashindana sokoni na Vitz za Japani ambazo mafundi wa kule wanazijua kwa kuzipapasa. Iuze huku huku, ikiwa na MOT ya miezi isiyopungua sita.